Alama ya kutoa mbele ya mabano

Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza ninaowafundisha tuisheni hapa Tandika wanakuja na MAGAZIJUTO kichwani tangu shule ya msingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni msaada mkubwa. Lakini wakikutana na 7x − (2x − 5) wanakwama. Wameambiwa waanze na mabano, na ndani ya mabano hakuna cha kufanya, maana 2x na 5 haziungani. Basi wanayafuta mabano, wanaandika 7x − 2x − 5, wanapata 5x − 5. Si sahihi.

Kinachotolewa pale ni chote kilichomo ndani ya mabano, si 2x peke yake. Hapo huwa nawapeleka Kariakoo. Una shilingi 20,000, khanga ni 12,000, muuzaji amekupunguzia 2,000. Umebaki na ngapi? 20,000 − (12,000 − 2,000), yaani 10,000. Ukifuta mabano bila kugusa alama unapata 6,000, na hakuna mtoto atakayekubali chenji hiyo. Ile 2,000 hukuilipa, kwa hiyo inajumlishwa kwenye fedha zako.

Ushauri wangu ni huu: andika 1 kwa penseli kati ya alama ya kutoa na mabano, iwe 7x − 1(2x − 5). Kisha zidisha −1 kwa kila kilichomo ndani. Hasi mara chanya ni hasi, hasi mara hasi ni chanya: 7x − 2x + 5, sawa na 5x + 5.

Wapo wanaofundisha "geuza alama zote" na kuishia hapo. Siipendi njia hiyo. Ikija 4 − 3(2 − x), mwanafunzi anageuza alama na kusahau kuzidisha, au anaanza na 4 − 3, wakati MAGAZIJUTO yenyewe inasema zidisha kabla ya kutoa. Aliyezoea kuzidisha anaandika 4 − 6 + 3x, anapata 3x − 2.

Mabano ndani ya mabano? Anza na ya ndani kabisa, mstari mmoja kwa hatua moja.

Ukimaliza, hakiki. Weka 3 mahali pa x: 7x − (2x − 5) inakuwa 21 − 1, yaani 20. 5x + 5 nayo inatoa 20. 5x − 5 inatoa 10. Usihakiki kwa 1, kwa sababu hapo x na x² zote ni 1, na aliyezichanganya hataliona kosa lake.