Shangazi, nimealikwa hekaluni Visakha. Niende?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa Moshi, nafundisha shule ya msingi hapa Bangkok. Mama mwenye nyumba wangu, mjane wa rika la mama yangu, amenialika tuende pamoja Wat Benchamabophit jioni ya Visakha, sikukuu ya Wabudha. Nilipougua dengi ndiye aliyenipikia uji wa mchele hadi nikapona. Lakini mimi ni Mlutheri, na mama yangu akisikia nimeingia kwenye hekalu la sanamu hatalala. Nikikataa nitamvunja moyo huyu mama. Nikienda, naogopa kujikuta nasujudu pasipo kukusudia. Nifanyeje?
Mwalimu, Bangkok

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa dengi. Nenda. Ila mwenyeji wako ajue mapema kwamba unakwenda kama mgeni.

Mimi nimekaa Bang Rak, hapo hapo Bangkok, miaka mingi, mume wangu, Mungu amrehemu, alipokuwa akiuza vito vya bonde la Umba, Tanga. Sisi Waislamu, tukisali msikiti wa Haroon. Jirani yetu alikuwa Mbudha, na Visakha ikifika tuliongozana hadi hekaluni. Sikuwahi kushika mshumaa, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Sikukuu yenyewe huangukia mwezi mpevu, mara nyingi Mei. Siku hiyo moja wanakumbuka kuzaliwa kwa Buddha, kupata kwake mwanga na kufa kwake. Jioni watawa husoma sala, kisha watu hulizunguka jumba kuu mara tatu, likiwa mkono wao wa kulia. Kila mtu ameshika mshumaa, vijiti vitatu vya ubani na tumba la yungiyungi. Mzunguko wa kwanza ni wa Buddha, wa pili wa mafundisho yake, wa tatu wa jumuiya ya watawa. Hiyo ni ibada, mwanangu, na ukiichukulia kama matembezi utawakosea wao na utajikosea mwenyewe. Kumsindikiza mama, kukaa uani na kutazama ni ugeni. Kuzunguka na mshumaa, au kuinamisha paji la uso mbele ya sanamu, ni kushiriki, na hilo kaa na mchungaji wako mlizungumze.

Siku mbili tatu kabla, mwambie: “Mama, nitafurahi kukusindikiza. Dini yangu ni nyingine, kwa hiyo wakati wa kuzunguka nitakungoja uani.” Usisubiri akukabidhi ua langoni ndipo uanze kujieleza. Jirani yangu nilipomwambia hivyo alinipa kazi: kumshikia mkoba na kulinda viatu vya wajukuu. Nikakaa pale nikiwaona wanavyopita, nta ikiwadondokea watoto vidoleni, na bibi zao wakiwapangusa kwa ncha ya kitambaa huku wanatembea. Nilipenda sana kuwatazama wale bibi.

Mavazi: funika mabega na magoti, wengi huvaa nyeupe. Kwenye jumba kuu vua viatu, na kizingiti kiruke, usikikanyage. Ndani kaa umekunja miguu upande, kama tunavyokaa mkekani msibani, nyayo zisielekee sanamu wala watawa. Mtawa usimguse hata kwa bahati mbaya kwenye msongamano, mpishe. Kama una kitu cha kumpa, kiweke juu ya kitambaa anachokitandaza mbele yake. Kuunganisha viganja kumsalimu mwenyeji wako au wazee wenzake ni adabu tu ya Wathai. Hiyo ifanye bila hofu.

Muombe mfike kabla ya giza. Hekalu hilo alianza kulijenga mfalme Chulalongkorn mwaka 1899, kwa marumaru iliyotoka Carrara, Italia, na majivu yake yamewekwa chini ya sanamu kubwa ya ndani. Ukiwaona watu wametulia mbele yake, jua kuna wanaomkumbuka pia mfalme wao. Pita na kwenye baraza la nyuma, lililopangwa sanamu za Buddha za mitindo ya nchi na enzi mbalimbali.

Sasa mama yako wa Moshi. Mpigie kabla ya siku hiyo, umweleze kuhusu ule uji na huyo mjane aliyekuuguza. Asije akaiona picha kwanza kwenye simu ya shemeji yake.