Nilivyojifunza Kupima Bei ya Sahani, Si ya Kilo

Mwaka jana niliweka daftari jikoni kwa miezi mitatu, kando ya mizani ndogo ya kupimia unga wa keki, nikaandika kila chakula kilichoingia nyumbani kwetu Kangemi: uzito wake, bei yake na siku kilipoliwa. Nilitaka kumaliza ubishi. Mume wangu alishikilia kwamba kula vizuri Nairobi ni anasa ya wenye magari, nami nilishikilia kwamba chipsi na soda ndizo zinazotumalizia pesa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kipimo. Niligawanya bei kwa kalori, na mume wangu akashinda kabla chai haijapoa. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori zipatazo 360, za mafuta ya kupikia karibu 900, ilhali za sukuma wiki hazizidi 50. Kwa hesabu hiyo mandazi huonekana kama zawadi na mboga za majani huonekana kama wizi. Nilipomsimulia mama mboga wangu, alicheka huku akiendelea kukatakata sukuma: "Mama Baraka, kwani wewe hununua sukuma ushibe? Si ugali ndio wa kushibisha?"

Basi nikaacha kalori, nikapima kile ambacho mtu mmoja hula hasa kwa mlo mmoja, baada ya maganda, mashina na mbegu kutupwa. Hapa mizani ilinifunza mengi: ndizi mbivu hupoteza karibu theluthi ya uzito wake kwa ganda, mboga ya managu huacha rundo la vijiti, lakini omena huliwa mzima, kichwa hadi mkia. Kwa kipimo hiki sahani ya ugali, sukuma na omena iligharimu chini ya chipsi za kibandani. Wachumi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuwa wameonyesha mwaka 2012 kwamba jibu hutegemea kipimo: mboga na matunda huwa ghali yakipimwa kwa kalori, na huwa nafuu kuliko vyakula vingi vyenye sukari na chumvi nyingi yakipimwa kwa uzito unaolika.

Hata hivyo, daftari langu lilikuwa bado linadanganya, kwa sababu halikuwa na moto. Jumamosi moja gesi yetu ya kilo 6 iliisha maharagwe yakiwa bado magumu, nikalazimika kukimbilia makaa, na mlo niliouandika kuwa wa bei rahisi kuliko yote ukawa ghali kuliko nyama. Tangu siku hiyo mimi huloweka maharagwe usiku kucha, huchemsha ya wiki nzima kwa mara moja, na nikikosa nafasi hununua yaliyokwisha kuchemshwa kwa mama wa githeri, ambaye sufuria yake kubwa hugawa gharama ya makaa kwa wateja wengi. Nakushauri uandike moto kwenye safu yake peke yake. Ndiyo safu itakayokushangaza.

Lakini bei ni jambo moja na uwezo ni lingine. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), katika ripoti ya mwaka 2020, lilikadiria kwamba watu bilioni 3 duniani hawakumudu mlo kamili wenye afya, uliogharimu takriban mara tano ya mlo wa wanga mtupu. Angalia wanachokilinganisha: si chipsi, ni mfano wa ugali bila kitoweo. Mtu wa kibarua anayelipwa jioni hununua mafuta ya kupima na unga wa nusu kilo, na kwa kila lita au kilo hulipa zaidi yangu mimi ninayesubiri mwisho wa mwezi. Kumwambia anunue gunia zima katika soko la Marikiti ni kumkejeli. Kwa hiyo, kabla ya kusema chakula fulani ni nafuu, toa kwanza kodi ya nyumba, nauli na karo, kisha ugawanye kinachobaki kwa idadi ya siku na ya vinywa.

Nilipofanya hivyo kwetu, mboga na maharagwe vilitosha mwezi mzima. Matunda hayakutosha: kuanzia tarehe 22 hivi, daftari linaonyesha parachichi moja kwa watu wanne.