Mhusika ameshapata alichokuwa anakitafuta, sasa kampeni imepooza

Mkuu, umeuliza ufanyeje na kampeni yenu iliyopooza, yaani kile kisa kirefu cha mchezo wa mezani ambapo kila mchezaji anaigiza mhusika wake na mwongozaji anasimamia kisa. Umeeleza kwamba mnacheza Bagamoyo ya 1888, mmeshavuka vikao ishirini, na mchezaji mwenye yule mpagazi wa Kinyamwezi anachezea simu tu tangu mhusika wake ampate dada yake aliyeuzwa. Usimlaumu. Lengo alilopewa ni la kwisha: dada kapatikana, kazi imeisha. Kulipa kisasi na kutafuta mali navyo huishia hapohapo.

Lengo linalodumu lina mtu ndani yake, na mtu huyo naye ana lake analolitaka. Anza na dada. Kakaa miaka mingi nyumba ya tajiri wa mjini, ana mtoto, Unyamwezi haikumbuki vizuri. Mchezaji asijue mapema. Kikao kijacho mlete dada kibarazani aseme tu, "Kaka, nani kakwambia nimepotea?" Halafu wewe mwongozaji nyamaza. Usijaze kimya kile kwa maelezo, mwache mchezaji ahangaike nacho.

Kisha kata karatasi ya A4 vipande vinne viwe kadi, kila mhusika kadi moja, mistari mitatu kwa penseli: anataka nini sasa hivi, nani anamkwamisha, na akikipata atapoteza nini. Mstari wa pili uwe na jina. Ukiandika "Wajerumani" hujaandika kitu, maana hakuna wa kubishana naye mezani. Mstari wa tatu ndio wengi wanauruka, na ndio unaobeba kampeni. Kadi ya mpagazi inaweza kusomeka hivi: "Anataka ujira wake wa safari ya Tabora. Anakwamishwa na Mwinyi Kombo, mwenye msafara. Akiupata kwa nguvu, Kombo hatamwajiri tena mpagazi yeyote wa kwao."

Huyo Kombo mpachike na kwenye kadi nyingine: ndiye anayekodi jahazi la mhusika wenu nahodha. Usipofanya hivyo, mpagazi ataondoka peke yake kwenda kudai na watatu watabaki kusubiri.

Kwa wachezaji wanne na kikao cha saa tatu, gusa kadi mbili, basi. Ukitaka zote nne, kila mmoja anaambulia salamu. Kugusa maana yake kadi imebadilisha uamuzi wa kundi zima, siyo jina limetajwa. Weka alama nyuma ya kadi. Asiye na alama vikao viwili mfululizo ndiye anayefungua kinachofuata.

Dadu nayo ina vituko. Adui mkubwa anaweza kufa mapema kwa sababu mtu katupa 20, namba ya juu kabisa ya dadu la pande 20. Usifiche matokeo nyuma ya kadibodi ile mwongozaji anayojikinga nayo mezani, wachezaji huwa wanajua. Mwache afe. Pwani hii deni la marehemu hulipwa kabla mirathi haijagawanywa, kwa hiyo wadai wake na wanawe wote wana sababu ya kumtafuta aliyemuua.

Na mna kalenda, itumieni. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani inachukua utawala wa pwani pamoja na forodha. Msikimbilie bunduki. Uliza kwanza: Kombo sasa anamlipa nani ushuru, na fedha ya wapagazi inatoka wapi? Akijiunga na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, ujira wa mpagazi umeingia vitani bila yeye kupenda. Abushiri ananyongwa Pangani Desemba 1889, kwa hiyo muda wa kudai una mwisho.

Kama mnatumia toleo la tano la Dungeons & Dragons, lile la 2014, karatasi ya mhusika ina nafasi za misimamo, mafungamano na kasoro. Watu huzijaza siku ya kwanza, hawazirudii tena. Mchezaji akifuata kadi yake hata pale inapomuumiza, mpe ile zawadi ya kutupa dadu la pande 20 mara mbili achukue kubwa. Wastani unapanda kutoka 10.5 hadi karibu 13.8, si haba.

Kila sehemu ya kisa ikiisha, tenga dakika tano kila mmoja afute mstari mmoja aandike mwingine. Asiyepata cha kuandika asilazimishwe: mpagazi afunge mzigo arudi kwao, mchezaji aanze karatasi mpya. Dada mwenyewe anafaa sana. Ana mtoto, ana tajiri wa kumkabili, na Kombo anamfahamu.