Maswali ya wasomaji: wasifu, picha na kaburi la baba

SWALI: Baba yetu amefariki na Misa ya mazishi ni Jumamosi. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, na jioni zake zote zilikuwa za mama na sisi watoto. Ndugu zangu wamenikabidhi wasifu. Nimeandika kurasa sita, lakini katekista asema nina dakika tano tu. Nipunguze wapi?
Kifungua mimba, Mikindani

JIBU: Pole sana dada, wewe na mama na nyumba nzima. Mtu akisoma kwa utulivu, dakika moja humaliza maneno kama 100, na mbele ya jeneza mwendo hupungua zaidi. Lenga maneno 450, yaani takriban ukurasa mmoja wa A4 uliochapwa.

Anza kwa kufuta sifa. "Mcha Mungu, mpenda watu, nguzo ya familia" ni maneno yanayosomwa kila Jumamosi, na waliomjua hawatamwona baba yenu ndani yake. Mahali pa kila sifa weka tendo moja. Sala ya jioni ilianza saa ngapi, na nani alipewa zamu ya kusoma? Siku ya mshahara alipitia wapi kabla ya kufika nyumbani? Kama alilipa karo ya mtoto asiyekuwa wake, lisemwe, ila mwombe ruhusa mwenyewe kwanza, maana atakuwa amekaa papo hapo kanisani. Matendo matatu ya namna hiyo yatosha. Shule na kazi zipe sentensi nne. Orodha ya vyeo na vyama iingie kwenye kijitabu, isisomwe.

Tarehe zitoe kwenye karatasi, si kichwani mwa mtu. Hata kitambulisho si cha kutegemea sana: wazee wengi wameandikiwa mwaka tu, au Januari 1, kwa kuwa siku yenyewe haikujulikana. Ulizeni parokia alikobatizwa. Kitabu cha ubatizo huandikwa pia kipaimara na ndoa kando ya jina lake, kwa hiyo ukurasa mmoja waweza kuwapa tarehe tatu kwa mara moja.

Sasa majina, na hapa usiharakishe, kwa sababu ndipo misiba mingi inapoharibikia. Msomee mama orodha ya watoto kwa sauti, kisha ami au shangazi mkubwa, kabla haijaenda kuchapwa. Wanaosahaulika ni wale wale: mtoto aliyefariki mchanga, aliyezaliwa kabla ya ndoa, na wake wa wana. Kukiwa na mtoto wa nje, jambo hilo wazee walimalize nyumbani mapema wiki hii. Likiachwa hadi siku yenyewe, litazuka mbele ya altare na mama yenu ndiye atakayebeba aibu.

Zamu yenu ya kusema muulizeni padre mapema. Mahubiri ya Misa ya mazishi si mahali pa kumsifu marehemu. Utaratibu wa Kanisa humruhusu mtu wa familia kusema machache baada ya sala inayofuata komunyo, kabla ya buriani. Padre akitaka wasifu usomwe kabla ya Misa kuanza, fuateni atakavyo.

Chapa nakala ya kusomea kwa herufi za 16, upande mmoja wa karatasi, mistari iachane. Nakala ya pili ashike mtu atakayesimama kando yako. Sauti ikikatika, yeye aendelee kutoka ulipoachia.

SWALI: Kijitabu cha mazishi ya mjomba kilitoka na picha zenye ukungu. Sasa twaandaa cha kumbukumbu ya mwaka. Kosa lilikuwa wapi?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Yamkini picha zilitumwa kwa WhatsApp kama picha, na hapo hupunguzwa ukubwa. Zitume kama dokumenti, au mpelekee mchapaji kwenye flashi. Picha ya zamani itolewe kwenye fremu na kuskaniwa kwa 600 dpi (nukta 600 kwa kila inchi). Ukiipiga na simu juu ya kioo, mwanga hurudi usoni. Idadi ya kurasa igawanyike kwa 4, yaani 8, 12 au 16, la sivyo mtabaki na kurasa tupu.

Andiko la jalada litafuteni ndani ya Biblia yake, mahali alipopigia mstari, na mlinakili neno kwa neno. Kama alitumia tafsiri ya Muungano ya 1952, msichukue maneno ya tafsiri nyingine.

SWALI: Kaburi la baba liko shambani Likoni, karibu na bahari. Tulijengea mwezi wa pili baada ya mazishi. Sasa slabu imepasuka na kutu inatoka kwenye nyufa.
Mwana wa mwisho, Likoni

JIBU: Pana makosa mawili hapo. La kwanza ni haraka. Udongo uliofukuliwa huendelea kushuka, hivyo ngojeni angalau miezi sita, na masika moja ipite. La pili ni chumvi. Mchanga wa ufuoni huozesha vyuma, navyo vikipata kutu hufura na kuipasua zege kutoka ndani.

Vunjeni yote. Slabu mpya ya mita 2 kwa sentimita 90, unene sentimita 10, huhitaji kiasi kidogo zaidi ya mfuko mmoja wa simiti, kwa hiyo nunueni miwili. Inayobaki ni ya lipu. Changanyeni simiti 1, mchanga wa mto 2, kokoto 4. Maji yawe matamu, yasizidi lita 25 kwa mfuko. Fundi ataomba zaidi ili zege imwagike kwa urahisi; mkatalieni, maji mengi huifanya dhaifu. Vyuma vikae katikati ya unene wa slabu, vifunikwe vyema na zege kila upande, na slabu imwagiwe maji siku saba ikiwa imefunikwa magunia.

Maandishi yachongwe kwenye jiwe, kwa kuwa rangi peke yake hubabuka na jua. Kama jiwe ni marumaru, lioshwe kwa maji na sabuni laini tu. Ndimu na siki huing'arisha siku moja, lakini asidi yake hula jiwe, na herufi za jina lake ndizo zinazofutika kwanza.