Maswali na majibu: vimea vya mawe kutoka Afrika Kusini

Lithops yangu (kile kimea kinachofanana na jiwe) imepasuka katikati na majani yananyauka. Inaumwa? (Nairobi)

Haiumwi. Chungulia kwenye mpasuko: utaona jozi mpya ya majani ikichomoza, mara nyingi imekaa msalaba na ile ya zamani. Jozi changa hunyonya maji ya ile kuukuu hadi libaki ganda kavu. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, na muda wote huo usimwagilie hata tone. Ukimwagilia, majani ya zamani hujaa tena, mapya yanabanwa ndani, unabaki na mmea wa ghorofa mbili usio na umbo. Ganda nalo usilibandue kwa kucha, litaanguka lenyewe. Na kwa kuwa uko karibu na ikweta, sahau kalenda za vitabu vya Ulaya; angalia mmea wenyewe.

Lithops zangu zote zinaoza. Nifanye nini? (Dar es Salaam)

Shaka yangu ya kwanza ni udongo. Ule mweusi wa bustanini unashika maji mno kwa mmea uliozoea changarawe, na joto lenye unyevunyevu la pwani linazidisha tatizo. Tumia mchanga wa mto wenye chembe kubwa, uliochekechwa na kuoshwa vumbi, pamoja na kokoto ndogo. Udongo uwe kidogo sana. Mchanga wa baharini una chumvi, uache ufukweni. Chungu kiwe na tundu, na kina cha kutosha, maana mzizi mkuu huenda chini. Weka penye mwanga mwingi na upepo unaopita, mvua isifike.

Conophytum yangu, kimea kingine cha mawe, imekuwa ya kahawia na kavu kama karatasi, mwezi wa Julai. Niitupe? (Leicester, Uingereza)

Usitupe! Nyingi za jamii hii zinatoka Namaqualand na Richtersveld, kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, ambako mvua hunyesha wakati wa baridi na kiangazi ni cha kulala. Iguse taratibu: ikiwa ndani ni ngumu, iko hai. Ikiwa inabonyea na kutoa maji, imeoza. Kwa huko kwenu, anza kumwagilia mwishoni mwa Agosti. Ngozi itapasuka, na maua huweza kutangulia kabla mwili haujanenepa.

Kuna mtu anauza mafungu makubwa ya Conophytum kwa bei poa. Ninunue?

Hapana. Fungu kubwa, yaani vichwa vingi vilivyoota pamoja, ni kazi ya miaka mingi, na bei ya chini kwa kitu hicho inatia shaka. Mizizi iliyokatika, makovu ya jua na vijiwe vilivyong'ang'ania shingoni vinaonyesha kuwa mmea umeng'olewa porini. Wizi huu umeikumba Namaqualand vibaya tangu mwaka 2019 hivi, na baadhi ya aina huishi kwenye kilima kimoja tu. Nunua mbegu. Vitumba vyake (maganda yanayobeba mbegu) hufunguka vikilowa, kwa hiyo tone moja la maji litakuonyesha vyumba vyake vyenye mbegu ndogo kama vumbi. Zimwage juu ya mchanga, usizifukie.

Mbolea je?

Kidogo sana, au usiweke kabisa.