Jibu: Nimwambieje binti yangu kuhusu kaka yake?

Dada, umeuliza umwambieje binti wa miaka 4 kwa nini kaka yake mwenye sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa nayo inayofanya mtoto achelewe kujifunza na kusema) bado hasemi vizuri. Mwambie ukweli kwa maneno mafupi: kaka alizaliwa hivyo, haumwi, wala haiambukizi. Habari za chanzo chake, yaani kromosomu (nyuzi ndogo za urithi ndani ya seli za mwili) 47 badala ya 46, zitasubiri akikua. Binti yangu huku Mbagala, ambaye naye kaka yake ana hali hiyo, aliniuliza ndani ya daladala, abiria wote kimya wanasikiliza! Nikamjibu kaka anajifunza polepole. Siku hizi yeye ndiye mkalimani: kaka akigonga kikombe mara mbili, anasema, "Anataka uji, siyo maji." Ila usimgeuze yaya. Mtengee hata nusu saa ya kwake peke yake, na akiona wivu usimgombeze.