Maswali ya Wasomaji: Wakufunzi wa afya na ujifunzaji wa mashine

SWALI: Ndugu mhariri, nimekabidhiwa wakufunzi 20 wa uuguzi na utabibu niwaandae kwa siku 5 waweze kufundisha ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kujifunza kanuni kutokana na mifano, kwa kutumia data za afya. Wengi hawajawahi kuandika msimbo. Nitangulize hisabati au Python, lugha ya kuandikia msimbo?

JIBU: Tanguliza jedwali. Watu hawa wana ujuzi ambao mtaalamu wa kompyuta mara nyingi hana: wakiona shinikizo la damu limeandikwa 0, wanajua papo hapo kwamba mgonjwa hakupimwa. Mafunzo yote yajenge juu ya ujuzi huo.

Siku ya kwanza msiguse msimbo. Pakua data za kisukari za wanawake wa jamii ya Pima wa Marekani. Ni za bure. Zina mistari 768, kila mstari mwanamke mmoja wa miaka 21 au zaidi, vipimo 8, na safu ya mwisho inayoonyesha kama alikutwa na kisukari (268) au la (500). Zifungue kwenye lahajedwali, waachie saa nzima wasake kasoro. Watakuta sukari 0 kwa wanawake 5, shinikizo 0 kwa 35, na insulini 0 kwa 374, karibu nusu yao. Hapo vipimo havikuchukuliwa, lakini mashine itazisoma sifuri hizo kama kweli. Kwenye safu ya idadi ya mimba, hata hivyo, 0 ni jibu halali, kwa hiyo amri ya kufuta sifuri zote nayo ni kosa.

Siku ya pili gaweni mistari: 614 ya kufunzia, 154 ya kupimia. Mgawanyo utangulie kujaza mapengo ya sifuri zile. Ukitafuta thamani ya kati ya insulini kwenye mistari yote ndipo ugawe, mtihani umeshavuja: mistari ya kupimia imeshachangia thamani unayojazia. Regresheni ya lojistiki, njia rahisi ya kukadiria uwezekano wa jibu la ndiyo au hapana, kwa scikit-learn, maktaba ya Python, haizidi mistari 20 ya msimbo. Waandikie wewe, wao wabadilishe kipande kimoja kimoja waone kinachoharibika. Mitandao ya neva, njia tata zaidi, iache, itakumalizia muda.

Siku ya tatu na ya nne ni za kupima matokeo, na hapa ndipo wengi hupotea. Modeli, yaani kanuni ambayo mashine imejifunza, inayomwambia kila mwanamke "huna kisukari" hupatia kwa asilimia 65 bila kumgundua mgonjwa hata mmoja. Wakokotoe wenyewe: 500 kwa 768. Kisha nendeni ubaoni. Watu 1,000, wagonjwa 20. Modeli inawatambua asilimia 90 ya wagonjwa na asilimia 90 ya wazima. Itawanasa wagonjwa 18, na wazima 98 watatiwa hofu bure. Kati ya 116 watakaoitwa, wanaoumwa ni 18 tu. Mkufunzi asiyeweza kuifanya hesabu hii kwa chaki bado hajawa tayari kumsimamia mwanafunzi.

Waeleze pia utafiti wa nimonia uliochapishwa mwaka 2015 na Rich Caruana na wenzake. Modeli ilijifunza kwamba mgonjwa wa nimonia mwenye pumu ana hatari ndogo ya kufa. Kumbe wenye pumu walikuwa wakikimbizwa kwenye uangalizi wa wagonjwa mahututi, na matibabu hayo ndiyo yaliyowaokoa. Kila mkufunzi ajibu: ni safu ipi ya jedwali inayobeba alama ya tiba badala ya ugonjwa?

Siku ya tano kila mmoja afundishe dakika 15. Kwa watu 20 hizo ni saa 5 kamili; anzeni mapema.

SWALI: Tunaweza kufanyia mazoezi mafaili ya hospitali yetu tukifuta majina?

JIBU: Hapana. Tarehe ya kuzaliwa, jinsia na mahali anapoishi mtu vikikaa pamoja mara nyingi vinatosha kumtambua. Tumieni MIMIC, data za hospitali moja ya Boston ambazo tarehe zake zimesogezwa. Seti kamili inadai kozi ya maadili ya utafiti na mkataba uliosainiwa, ila sampuli ya wagonjwa 100 iko wazi. Kwenye toleo la MIMIC-III msishtuke kuona mtu wa miaka 300: waliopita miaka 89 walifichwa hivyo makusudi. Na kwa kuwa mgonjwa mmoja hulazwa mara kadhaa, gaweni kwa namba ya mgonjwa, si ya kulazwa, la sivyo mtu yuleyule atakuwa kwenye mafunzo na kwenye mtihani.